Karatasi aliyopewa baba tulipotoka dharura: daktari wa dharura anapatikanaje mapema, na kinga inabaki mikononi mwa nani?

#1 | Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mnivumilie kwa urefu wa andiko hili, kwa kuwa maswali yangu hayaeleweki bila kisa chake.

Mwaka juzi baba yangu, akiwa na umri wa miaka 61, alijikata kiganja kwa msumeno alipokuwa akirekebisha mlango. Damu ilikuwa nyingi. Tukamfunga kitambaa na kumkimbiza kwenye kituo cha kwanza kilichotujia akilini, ambako usiku ule hapakuwa na daktari. Tulielekezwa kwingine, na huko tukakuta idara kamili ya dharura iliyompokea vizuri: jeraha likasafishwa, akashonwa nyuzi saba, akachomwa sindano ya pepopunda. Baada ya saa tatu tulikuwa tumesharudi nyumbani, na kila mmoja wetu akaamini kwamba jambo lile limekwisha.

Miezi minane baadaye alipatwa na kiharusi. Nilipokuwa nikikusanya nyaraka zake kwa ajili ya kliniki niliikuta ile karatasi ya kuruhusiwa, imekunjwa mara nne ndani ya pochi yake, nyuma ya kitambulisho. Mistari ya juu ilihusu jeraha. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko uleule, ulisema: "Presha 182/104, imerudiwa 176/100. Aonwe kliniki ndani ya wiki moja." Sote tulikuwa tumeishika karatasi ile, tena tuliitumia kukumbuka tarehe ya kutoa nyuzi, lakini hakuna aliyeufikia mstari huo.

Silalamikii idara ile, maana iliandika ilichopaswa kuandika. Ninachouliza ni mambo mawili. Kwanza, mtu anawezaje kumjua mapema daktari aliyesomea tiba ya dharura, ili asizungushwe usiku kama tulivyozungushwa sisi? Pili, daktari huyo akishamaliza kazi yake, ni nani anayeshika yale yaliyobaki, yaani presha, sukari, chanjo na vipimo vya saratani, kwa mtu ambaye hajisikii kuumwa?

#2 | Daktari wa zamu ya usiku

Pole sana, mwanzisha uzi, na umpe pole mzee. Mimi ni daktari wa idara ya dharura, kwa hiyo nitajibu upande ninaoujua.

Daktari wa dharura hachaguliwi kwa jina kama anavyochaguliwa daktari wa meno. Utamkuta aliye zamu. Kwa sababu hiyo kinachochaguliwa ni idara, na huchaguliwa siku ambayo hakuna anayeumwa. Piga simu au pita mwenyewe, kisha uulize mambo ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Je, daktari yumo ndani ya jengo saa 24, au huitwa kutoka nyumbani? Je, kipimo cha CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili) na maabara hufanya kazi usiku na siku za mapumziko? Je, kuna damu ya akiba na chumba cha upasuaji kinachoweza kufunguliwa muda wowote? Je, mgonjwa anayefika hupimwa na muuguzi kwanza ili uharaka wake ujulikane, au hupanga foleni kwa kufuata aliyetangulia? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mahali ambapo foleni ni ya aliyetangulia, mwenye kifua kinachobana anaweza kukaa nyuma ya mwenye mafua.

Ukitaka kujua kama kiongozi wa idara ni bingwa wa fani hii, nchi nyingi zina baraza linalosajili madaktari, na daftari lake mara nyingi huonyesha ubingwa wa kila mmoja. Hata hivyo usishangae ukikuta wachache. Fani yetu ni changa: mafunzo ya kwanza ya ubingwa wa tiba ya dharura yalianza katika Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1970, na Marekani yenyewe iliutambua rasmi ubingwa huo mwaka 1979. Kabla ya hapo chumba cha dharura kilikuwa mahali pa kupelekwa daktari yeyote aliyepangiwa, mara nyingi yule mgeni kuliko wote. Hata leo, idara za dharura katika sehemu nyingi za dunia zinaendeshwa na madaktari wa kawaida waliojifunza kwa miaka ya kazi, na baadhi yao ningewakabidhi wazazi wangu bila kusita.

Sasa kuhusu ule mstari wa mwisho. Mtu anapofika kwetu, swali letu la kwanza ni moja: kuna kitu gani hapa kinachoweza kumuua au kumlemaza ndani ya saa chache zijazo? Presha ya 182/104 kwa mtu mwenye jeraha, maumivu na hofu, asiye na dalili za kuumia ubongo, moyo wala figo, mara nyingi haijibu swali hilo. Maumivu yenyewe huipandisha, na kuishusha ghafla kunaweza kumdhuru. Ndiyo maana mwenzangu aliipima tena, akaiandika, akamwelekeza kliniki badala ya kumwanzishia dawa palepale. Alifanya sawasawa. Kosa letu sisi wa dharura ni kwamba tunaandika jambo zito kwa wino uleule na ukubwa uleule wa herufi kama "kidonda kisiloane", halafu tunamkabidhi karatasi mtu aliyechoka anayetafuta mlango wa kutokea. Tangu nisome andiko lako nimeanza kuuchorea mstari wa namna hiyo duara na kumwomba ndugu wa mgonjwa ausome kwa sauti mbele yangu.

#3 | Muuguzi wa mapokezi ya dharura

Naongezea upande wa mlangoni, kwa kuwa ndiko ugomvi unakoanzia.

Upangaji wa wagonjwa kwa uharaka hufanywa kwa mizani tofauti. Ule unaojulikana kama mfumo wa Manchester una rangi tano: nyekundu anaonwa mara moja, rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya dakika 60, kijani ndani ya dakika 120, na buluu ndani ya dakika 240. Mwenye kijani akikaa saa moja na nusu huku akiona waliofika baadaye wakimpita, huamini kwamba amedharauliwa. Naelewa hasira hiyo, lakini kuachwa usubiri maana yake tumekutazama na hatukuona kifo karibu. Hali ikibadilika wakati unasubiri, rudi dirishani useme, rangi hubadilishwa.

Kinachotusaidia kuliko maelezo marefu ni mambo manne yaliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi au kwenye simu: dawa unazotumia pamoja na vipimo vyake, vitu vyenye mzio kwako, magonjwa uliyokwisha kuambiwa unayo, na tarehe ya chanjo yako ya mwisho ya pepopunda. Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, jambo hilo liandikwe la kwanza kabisa, kwa kuwa mgonjwa aliyeanguka na kugonga kichwa hutazamwa kwa jicho jingine akiwa anazitumia.

Na kwa kiharusi kuna swali ambalo familia nyingi hulijibu vibaya. Hatuulizi mlimkuta saa ngapi, tunauliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya kipimo cha CT kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Kama mtu ameamka akiwa na mdomo uliopinda, saa huanza kuhesabiwa tangu alipoonwa mzima, hata kama ni jana yake usiku.

#4 | Mwanzisha uzi

Muuguzi, swali hilo tuliulizwa. Tulimkuta saa kumi na mbili asubuhi, mkono wa kulia umelegea, maneno hayatoki. Mimi na kaka yangu tukajibu kwamba alilala saa nne usiku akiwa mzima, na nikaona daktari akitazamana na mwenzake. Mama ndiye aliyetusahihisha: saa tisa usiku baba aliamka kwenda msalani, mama akamuuliza ni saa ngapi, naye akamjibu vizuri na hata kumtania. Kwa jibu hilo akawa bado yumo ndani ya muda.

Lakini hapo ndipo presha ilipodai deni lake. Tuliambiwa kwamba sindano ya kuyeyusha bonge la damu haitolewi presha ikiwa juu ya 185/110, na ya baba ilikuwa juu zaidi ya hapo. Kwanza wakamwekea dawa ya kuishusha taratibu kwenye mshipa, sisi tumesimama pembeni tunautazama mkanda ukijaa upepo na kulegea, kila baada ya dakika tano, namba zikishuka kidogo na kupanda tena. Dakika arobaini zilipotea hivyo. Akapata sindano, leo anatembea kwa mkongojo na anaongea polepole. Bado naziwaza zile dakika arobaini, kwa sababu miezi minane ya vidonge ingeweza kuzifuta.

#5 | Mfuasi wa vipimo

Poleni. Mimi naona dawa ya haya yote ni rahisi: kila mwaka nafanya kipimo cha mwili mzima, napewa kurasa kumi na nne za majibu, naziweka kwenye faili, basi. Mtu akifanya hivyo hahitaji kufuatwafuatwa na kliniki yoyote.

#6 | Daktari wa familia

Ndugu Mfuasi wa vipimo, nakuheshimu kwa bidii yako, ila naomba nitofautiane nawe.

Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ya mwaka 2012, yaliyorejewa mwaka 2019, yalikusanya majaribio ya vipimo vya jumla kwa watu wazima wasio na dalili, na hayakuona kwamba vipimo hivyo vinapunguza vifo kwa kiwango cha maana. Sababu moja inaeleweka: kadiri unavyopima vitu vingi kwa mtu mzima wa afya, ndivyo namba moja au mbili zitakavyotoka nje ya mstari kwa bahati tu, halafu zinavuta vipimo vingine, vingine vya kuchoma na kukata. Sababu ya pili ndiyo iliyompata mzee wa mwanzisha uzi: karatasi ilikuwepo, namba ilikuwepo, wa kuifanyia kazi hakuwepo. Kurasa kumi na nne ndani ya faili ni karatasi yake ileile, imezidishwa mara kumi na nne.

Kinga yenye ushahidi ni fupi kuliko watu wanavyodhani, na inategemea umri, jinsia na historia ya ukoo. Presha ya mtu mzima ipimwe angalau kila mwaka ikiwa iko karibu na mpaka au umri umepita 40. Sukari ipimwe kwa mwenye uzito mkubwa au mwenye ndugu wa damu aliye na kisukari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, na ikathibitishwa kwa kurudiwa, huo ni ugonjwa. Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kuanzia miaka 30, kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kianze miaka 25 na kirudiwe mapema zaidi, kila miaka 3 hadi 5. Saratani ya utumbo mpana ina ratiba zinazotofautiana kati ya nchi na nchi; Marekani, kwa mfano, ilishusha umri wa kuanza kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021. Kwa anayevuta sigara, kuacha kuna thamani kuliko vipimo vyote nilivyovitaja, na hilo nalisema bila kumung'unya maneno.

Nikae kidogo kwenye presha, kwa kuwa ndiyo mada yetu na ndiyo inayopimwa vibaya kuliko vyote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Haina kengele; kichwa kuuma si kipimo chake. Ili namba iaminike, mtu akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, miguu haikupishana, kibofu kitupu, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na mkanda unaolingana na unene wa mkono wake, ufungwe juu ya ngozi na si juu ya shati. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Kuongea wakati wa kupima nako huipandisha, na nimewaona wahudumu wakimhoji mgonjwa huku mashine inapuliza.

#7 | Mama wa watatu

Nashukuru kwa maelezo ya madaktari, lakini mnazungumza kana kwamba mtu akishapimwa majibu humfuata mwenyewe.

Miaka minne iliyopita nilipimwa mlango wa kizazi kwenye kituo kimoja, nikaambiwa nisipopigiwa simu nijue niko salama. Sikupigiwa. Mwaka uliofuata nilirudi kwa jambo jingine kabisa, na muuguzi mwenye macho mazuri akagundua kwenye faili kwamba majibu yangu yalitoka yakihitaji kurudiwa. Simu haikupigwa kwa sababu namba yangu iliandikwa ikiwa na tarakimu moja pungufu. Nilitibiwa kwa muda wa chini ya nusu saa, nikarudi nyumbani siku hiyohiyo, na sasa niko salama. Ila mwaka mzima nilikuwa nikitembea na utulivu wa uongo.

Tangu hapo siondoki mahali pa kipimo bila kuuliza maswali matatu: majibu yatatoka lini, yatanifikia kwa njia gani, na yasiponifikia nimuulize nani. Nayaandika kwenye daftari la shule la kawaida lenye ukurasa mmoja kwa kila mtu wa nyumba yangu. Upande wa kushoto naandika kilichofanyika na tarehe yake, upande wa kulia kinachofuata na mwezi wake, na katikati majibu kwa namba kamili. Siandiki "nzuri" wala "kawaida". Chanjo za watoto zimo, na binti yangu wa miaka kumi ana mstari wake wa chanjo ya HPV, ambayo hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kila mtu hupitiwa ukurasa wake mwezi aliozaliwa. Mume wangu alilicheka daftari hilo hadi siku lilipoonyesha kwamba sindano yake ya mwisho ya pepopunda ilikuwa ya miaka kumi na tatu nyuma.

Mwanzisha uzi, ndugu yangu, umeuliza kinga inabaki mikononi mwa nani. Kwa nyumba yangu ni mikononi mwa mwenye daftari. Daktari hubadilika, kituo hubadilika, simu hupotea.

#8 | Daktari wa zamu ya usiku

Dada, naomba ruhusa ya kuwaeleza wagonjwa wangu hayo maswali matatu. Na niongeze la nne kwa wanaotoka dharura: "Nje ya kilichonileta, mmeona nini kingine?" Tukiulizwa hivyo tunalazimika kurudi kwenye faili na kuusoma mstari wa mwisho. Jeraha linaponywa na muda. Presha iliyoonekana kwa bahati wakati wa kushona jeraha ndiyo zawadi ya usiku ule.

Daktari wa familia amesema vizuri kuhusu vipimo, ila nisikubali sana wazo kwamba sisi hatuhusiki na kinga. Kwa watu wengi chumba chetu ndicho mahali pekee wanapokutana na daktari kwa miaka mingi. Kama hatusemi hapo, hakuna atakayesema.

#9 | Mwanzisha uzi

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jana nilifanya kama nilivyoelekezwa katika #2: nilipiga simu vituo vitatu vilivyo karibu nasi kwa yale maswali. Kimoja kilijibu vyote bila kusita. Cha pili, ambacho jengo lake ni kubwa na bango lake linasema saa 24, kilikiri kwamba usiku daktari huitwa kutoka nyumbani na CT hufungwa jioni. Cha tatu, ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa, kina bingwa anayeongoza idara na kiko umbali wa dakika saba zaidi tu. Njia ya kwenda huko nimeiendesha usiku mara moja ili niijue, na namba yake nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, usawa wa macho ya mama.

Daftari nimenunua pia. Nilipofika ukurasa wangu mwenyewe nikagundua kwamba sina cha kuandika, kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha baba, nikafunga mkanda wake kwenye mkono wangu, nikasubiri dakika tano kama ilivyoelezwa. Ilitoka 142/91. Nina miaka 36. Nilipima tena papo hapo, ikatoka 139/88. Je, hii ni presha au ni hofu ya kuandika uzi huu?

#10 | Daktari wa familia

Inaweza kuwa yoyote kati ya hizo, na siku moja haiwezi kuzitenganisha. Pima kwa siku saba: asubuhi mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, kabla ya chai na kabla ya dawa yoyote, na jioni mara mbili vilevile. Tupa namba za siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85 au zaidi kwa vipimo vya nyumbani, nenda kliniki, na umwambie daktari kwamba baba yako alipata kiharusi akiwa na miaka sitini na kidogo. Ukiwa chini ya hapo, nenda pia, ila bila haraka. Ukiona 180/110 au zaidi pamoja na kifua kuuma, kuona ukungu au mkono kulegea, usisubiri siku ya pili. Unajua sasa ni mlango upi wa kwenda.

Namba hizo usizilete hapa jukwaani. Ziandike kwenye ukurasa wako, kisha ulibebe hilo daftari lenyewe uende nalo.